Ufa Tulioufuta: Tuliyojifunza katika Darasa la Picha

Mtu anayechangia ujenzi asioweza kuufikia kwa miguu yake ana haki moja kubwa juu ya wale wanaousimamia: aonyeshwe. Haki hiyo ndiyo iliyotupeleka darasani. Madrasa ya mtaa wetu hapa Tanga ilikuwa ikijengwa upya, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa ndugu zetu waliohama. Wengine wako Dar es Salaam, wengine Mombasa, na wachache Muscat. Kila mwezi walituma michango yao, na kila mwezi walituuliza kwa adabu: "Katibu, tuonyesheni mmefikia wapi." Picha tulizowatumia zilikuwa na giza, zimepinda, na mara nyingine kidole cha mpigaji kimeziba kona nzima. Kamati ikaamua kwamba kamera ambayo muumini mmoja alituachia isiendelee kulala kabatini, na kwamba katibu ajiunge na mafunzo ya upigaji na uhariri wa picha za kidijitali: miezi mitatu, siku mbili kwa wiki, baada ya Alasiri.

Tulikwenda tukidhani tunakwenda kujifunza vitufe. Tulirudi na funzo ambalo chuo cha dini kilitufundisha miaka mingi nyuma, nasi tukawa tunawasomea wengine bila kujisomea wenyewe. Hilo ndilo tunalotaka kuwasimulia wasomaji wa kurasa hizi za familia, pamoja na elimu kidogo ya kamera itakayomfaa kila mwenye simu. Tutasema "sisi" kama ilivyo ada ya uandishi, lakini ieleweke tangu mwanzo kwamba mkono uliokosea ulikuwa mmoja, nao ndio unaoandika maneno haya.

Elimu ya mwanga

Somo la kwanza halikuwa la kamera bali la giza. Mwalimu alifunga madirisha ya darasa, akaziba kila upenyo kwa karatasi nyeusi, akaacha tundu moja dogo. Macho yetu yalipozoea, tukauona mwarobaini wa nje umelala ukutani kichwa chini, na wapita njia wakitembea miguu juu. Akatueleza kwamba miongoni mwa watu wa mwanzo kuichunguza hali hii kwa majaribio yaliyopangika ni mwanachuoni wa Kiislamu, Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Cairo yapata mwaka 1040. Katika kitabu chake, Kitab al-Manazir, alieleza jaribio la taa kadhaa zilizopangwa mbele ya tundu la chumba chenye giza: kila taa huweka doa lake ukutani, na ikifunikwa moja, doa lake tu ndilo linalotoweka. Mwanga basi husafiri kwa mstari ulionyooka, wala mianga haichafuani inapokutana tunduni. Ni yeye pia aliyetetea kwa hoja na majaribio kwamba tunaona kwa sababu mwanga unaingia jichoni, si kwa sababu jicho linatoa miale kama walivyodhani wengi kabla yake.

Kamera ni chumba kile kile kilichofanywa kidogo. Mahali pa ukuta pana kihisi, kipande chenye mamilioni ya vituo vidogo vya kupimia mwanga, na kila kituo huchangia nukta moja ya picha iitwayo pikseli. Mwaka 1975, mhandisi wa kampuni ya Kodak huko Marekani, Steven Sasson, aliunda kamera ya kidijitali iliyokuwa na uzito wa takriban kilo 3.6, yenye pikseli 10,000 tu, na iliyohitaji sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Kamera yetu kuukuu ya kabatini ina pikseli milioni 24. Tulipoambiwa hayo, tuliitazama kwa heshima mpya.

Mwanga huingia kamerani kwa hesabu ya mambo matatu. La kwanza ni kitundu cha lenzi, kinachopanuka na kusinyaa kama mboni ya jicho. Namba yake inapokuwa ndogo, kitundu ni kipana, na kutoka f/2.8 hadi f/4 mwanga hupungua kwa nusu. La pili ni muda ambao kihisi kinaachwa wazi. Mtoto anayekimbia atatoka na ukungu ukimpiga kwa sehemu ya 30 ya sekunde, lakini atasimama wima kwa sehemu ya 500. La tatu ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga, unaopimwa kwa namba za ISO. Ukiupandisha sana ili kuona gizani, picha hujaa chengachenga kama mchanga. Anayeongeza hapa hana budi kupunguza pale. Mwalimu alizoea kusema kwamba kamera haitoi sadaka. Kila inachokupa, inakidai mahali pengine.

Somo lililotufaa zaidi lilihusu kanzu. Tulikuwa tukilalamika kwamba picha zetu za Idi zinaifanya safu ya kanzu nyeupe ionekane kama imefuliwa kwa maji ya udongo. Sababu ni kwamba kipimo cha kamera hakijui kinatazama nini. Hudhani kila kilicho mbele yake kina weusi na weupe wa wastani, yaani kijivu. Kikiona weupe mwingi, hupunguza mwanga hadi kanzu ziwe kijivu. Kikiona kundi la akina mama waliovaa mabuibui meusi, huongeza mwanga hadi nyeusi ififie na nyuso zao ziungue. Dawa ni kumwambia yeye asichokijua: kwa kanzu, ongeza mwanga hatua moja; kwa mabuibui, punguza. Hata simu nyingi hukubali amri hiyo, ukigusa uso wa mtu kwenye kioo kisha ukapandisha au kushusha alama ya jua.

Na juu ya jua lenyewe: saa sita mchana, huku kwetu jua likiwa karibu utosini, kofia hutupa kivuli kinachomeza macho. Msogeze mtu barazani au chini ya mwembe, au subiri hadi Alasiri iende zake. Tulipoanza kufuata hilo, wachangiaji walidhani tumenunua kamera mpya.

Mkono unaorekebisha

Mwezi wa pili tulihamia kwenye kompyuta. Hapo mwalimu alitupa sharti moja aliloliandika ubaoni na kulipigia mstari mara mbili: asili haiguswi. Picha iliyotoka kamerani hunakiliwa kwanza, ile ya asili huhifadhiwa katika folda yake, na kazi yote hufanywa juu ya nakala. Alitutaka pia tupige kwa faili ghafi, lile ambalo kamera haijalipika. Faili la kawaida la JPEG hugawa kila rangi ya msingi katika ngazi 256 za mwangaza. Faili ghafi la kamera nyingi lina ngazi 4,096 au 16,384. Tofauti hiyo huonekana unapojaribu kuokoa uso uliozama kivulini: katika faili ghafi bado kuna kitu cha kuokoa. Tulilitii sharti lile kama mwanafunzi wa juzuu ya kwanza anavyomtii mwalimu wake, kwa hofu zaidi kuliko kwa kuelewa.

Kisha akatupa zana tulizozipenda mno. Mojawapo aliiita muhuri. Unachagua sehemu safi ya picha, programu inainakili, nawe unaigonga juu ya sehemu yenye dosari hadi dosari ipotee. Tuliianza kazi hiyo kwa heri. Mama alikuwa na picha ya marehemu Babu, imeliwa na unyevu, ina madoadoa tangu kofia hadi kifuani. Tuliiingiza kwenye kompyuta, na kwa juma zima, jioni baada ya jioni, tukaondoa doa moja baada ya jingine. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa. Mwalimu alituzuia tusimtengenezee jingine. Alisema unyevu umeweka madoa ambayo hayakuwa ya Babu, hayo yaondoeni. Lakini jicho mtakalolichora halitakuwa lake pia. Tuliliacha na kovu lake. Mama aliipokea picha, akaitazama kwa muda mrefu, akasema huyu ndiye.

Hapo tungesimama, tungekuwa salama. Lakini Idi ilipofika tulimpiga picha mpwa wetu wa miaka kumi na mmoja, amevaa hijabu ya rangi ya samli, amependeza. Tuliposhika kompyuta tukaona ni vyema tuulainishe uso kidogo. Tukafuta kovu la tetekuwanga juu ya nyusi, kisha, bila kujiuliza kwa nini, tukaung'arisha mpaka binti akawa mweupe kuliko alivyozaliwa. Tulimpelekea tukitarajia shangwe. Aliitazama, akatutazama, akasema: "Mjomba, huyu ni mzuri. Lakini mimi yangu iko wapi?"

Tulicheka, tukaipuuza. Leo tunajua kwamba alitupa onyo kabla ya wakati wake. Mtoto hakulalamika, aliuliza tu, na ndani ya swali lake mlikuwa tayari na hukumu juu ya rangi yake ambayo sisi, watu wake wa karibu, ndio tuliompa kwa mkono wetu.

Ukuta wa kona ya kusini

Wiki mbili baadaye kuta za madrasa zilikuwa zimefika kwenye linta. Kamati ilikuwa ikijiandaa kumwaga zege la ghorofa ili darasa la wasichana likae juu. Kijana wa mtaa wetu, mhandisi wa majengo anayefanya kazi Dar es Salaam, alikuwa akitushauri bila malipo, naye kwa kazi nyingi hakuwa ameweza kufika tangu msingi. Alituomba picha za kuta zote nne ili atoe neno lake la mwisho.

Tulizipiga asubuhi, mwanga ukiwa laini, kamera ikiwa juu ya miguu mitatu, mistari yote imenyooka. Katika ukuta wa kusini, chini ya dirisha la pembeni, palikuwa na ufa. Haukuwa mpana. Ulianzia chini karibu na msingi, ukapanda kimshazari kama ngazi, ukifuata viungo vya matofali. Tuliuona kama tulivyokuwa tumeona doa kwenye picha ya Babu na kovu kwenye uso wa mpwa wetu: kitu kinachoharibu picha nzuri. Picha zile zile zilikuwa ziende kwa wachangiaji Ijumaa, na tulitaka zipendeze. Tukaushika ule muhuri. Kwa dakika zisizozidi tano ukuta ulikuwa mzima, wala jicho la mtu lisingejua.

Hatukukusudia kumdanganya mtu. Tunayaandika haya si kwa kujitetea, bali kwa sababu tunadhani wengi wanaodanganya kwa picha huanza hivyo hivyo, kwa kupenda unadhifu. Zile zile nakala safi ndizo tulizomtumia mhandisi. Jioni ile alijibu: kuta ziko vizuri, endeleeni, Mwenyezi Mungu awasimamie.

Siku ya pili tulimwonyesha picha hizo fundi mkuu, mzee aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa huu, akiwa ameketi kwenye rundo la mchanga anakunywa kahawa. Alivaa miwani, akazipitia taratibu kwenye simu. Alipofika kwenye ukuta wa kusini akairudisha picha nyuma, kisha mbele, kisha akaikuza kwa vidole viwili.

"Katibu," alisema, "ule ufa wa chini ya dirisha mmeuziba lini?"

"Hatujauziba, Mzee. Tumeuondoa kwenye picha tu, ili itoke safi."

Alivua miwani. "Na mhandisi ametazama ukuta, au ametazama picha?"

Hatukuwa na jibu. Mzee hakupandisha sauti. Aliinuka, akatushika mkono, akatupeleka kwenye kona ile na kutuonyesha kwa kidole. "Mwanangu, ufa ni ulimi wa nyumba. Nyumba ikiwa na neno, husema hapa. Nyinyi mmeikata ulimi, halafu mkaenda kumwuliza daktari kama mgonjwa ni mzima."

Zege lilikuwa limepangwa kumwagwa siku nne baadaye. Chini ya zege lile wangeketi wasichana na misahafu yao. Usiku ule hatukupata usingizi, na kilichotujia akilini si kitu cha darasa la picha, bali cha chuoni: kisa kilichopokelewa katika Sahihi Muslim, cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono wake katika lundo la chakula, vidole vikakutana na unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona, na akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Tulikuwa tumelisomesha lundo lile mara nyingi kwa wafanyabiashara wa mtaani. Hatukuwahi kufikiri kwamba katibu naye ana lundo, na kwamba lake liko ndani ya kompyuta.

Picha zisizoguswa

Asubuhi tulimpigia simu mhandisi, tukamweleza bila kupamba. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza swali moja: je, picha za asili zipo? Hapo ndipo tulipoujua uzito wa ule mstari aliopiga mwalimu mara mbili. Zilikuwepo zote, katika folda yake. Tulikuwa na za asubuhi ile, na tulikuwa na nyingine za kona hiyo hiyo tulizopiga wiki tano kabla, wakati wa kufanya zoezi la darasani juu ya vivuli.

Kila picha ya kidijitali hubeba ndani yake kumbukumbu ya tarehe, saa, muda wa mwanga na namba ya kitundu, ilimradi saa ya kamera iwe imewekwa sawasawa. Mhandisi alitutaka tuzitume kama hati, si kama picha, kwa maana WhatsApp ikitumiwa picha kwa njia ya kawaida huibana na kuivua kumbukumbu hizo. Alizilinganisha. Katika picha ya kwanza ufa uliishia kozi ya tatu ya matofali kutoka kwenye msingi. Katika ile ya wiki tano baadaye ulikuwa umefika kozi ya saba.

"Huu si ufa wa plasta," alisema. "Unatembea. Msimwage kitu. Chimbeni kwenye kona."

Vijana walichimba. Kwenye kina cha goti udongo ulikuwa mkavu. Kwenye kina cha kiuno ulikuwa tope. Bomba la maji yanayotoka mahali pa kutawadhia lilikuwa limepasuka chini ya ardhi, na kwa miezi isiyojulikana maji ya udhu wa waumini mia kadhaa yalikuwa yakinywewa na udongo wa chini ya msingi wetu. Kona ilikuwa inazama. Bomba lilihamishwa, kipande cha msingi kikavunjwa na kujengwa upya kwa nondo, ukuta wa kusini ukabomolewa hadi chini. Kazi ilirudi nyuma miezi miwili, na fedha tuliyokuwa tumeitenga kwa madirisha ikaishia ardhini.

Picha ile ile tuliyoiona mbaya ndiyo iliyosema kweli, na zilipokuwa mbili zikaonyesha jambo ambalo jicho la mtu anayepita hapo kila siku lisingeliona. Tulikuwa tumetafuta picha ipendezayo tukiwa na picha inayofaa.

Swali la mchangiaji

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, tulisimama mbele ya jamaa tukaeleza kilichotokea. Ujumbe huo huo tuliuandika kwenye kundi la wachangiaji, tukiambatanisha picha mbili za ukuta wa kusini: ya asili na ile tuliyoihariri. Wengi walijibu kwa dua. Wengine walikaa kimya. Ndugu mmoja aliye Muscat, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa sehemu kubwa ya gharama za kisima cha msikiti, aliandika mstari mmoja: "Na kisima je?"

Hakuna neno lililotuuma kama hilo. Picha za kisima hazikuguswa hata kidogo. Zilipigwa kwa simu, kabla hatujajua kuhariri chochote. Lakini tungemthibitishiaje? Aliyeghushi moja amezitia doa zote.

Ndivyo ilivyo kwa wakubwa pia. Tulipomsimulia mwalimu habari hii, alitupa mifano. Mwaka 1982, gazeti la National Geographic liliweka kwenye jalada picha ya mapiramidi ya Giza, na ili yaenee katika jalada lililosimama, wakayasogeza kwa kompyuta yakaribiane. Lawama zilikuwa kubwa, ingawa hakuna mtu aliyeumia. Mwaka 2003, katika vita vya Iraki, mpiga picha wa gazeti la Los Angeles Times aliunganisha picha mbili za askari na raia karibu na Basra, ili apate moja yenye nguvu. Watu walewale wakaonekana mara mbili nyuma ya picha, naye akafukuzwa kazi. Basra ndiko alikozaliwa Ibn al-Haytham, aliyehangaika kujua jinsi mwanga unavyotuletea khabari za vitu. Na mwaka 2006, Beirut iliposhambuliwa, mpiga picha mmoja alitumia muhuri kama ule wetu kuongeza moshi juu ya mji. Shirika la Reuters liliacha kufanya kazi naye, likaziondoa sokoni picha zake zote 920. Tuliutafakari ule mfano wa mwisho kwa muda. Moshi ulikuwepo kweli, na mashambulizi yalikuwepo kweli, aliongeza tu. Na kwa kuongeza kwake, hata yale aliyoyashuhudia kwa haki yalitiliwa shaka.

Kamati ilikaa na kuweka utaratibu, nao bado unafuatwa. Picha yoyote ya mradi huenda ilivyotoka kamerani. Linaloruhusiwa ni kuinyoosha iliyopinda na kurekebisha mwangaza ili kilichokuwepo kionekane vizuri zaidi. Haliruhusiwi lolote linaloondoa au kuongeza kitu. Mafaili ya asili huhifadhiwa katika diski mbili, moja kwa katibu na moja kwa mweka hazina. Na kila mwezi hutumwa angalau picha moja ya kitu kilichoharibika.

Kwa nyumba zetu

Huenda msomaji akasema: mimi sina madrasa ya kujenga, nina simu tu na watoto. Basi tumpe machache tunayoyafuata sasa nyumbani kwetu. Kwanza, weka asili. Kabla ya kuikata au kuing'arisha picha, hifadhi nakala isiyoguswa, na usiache picha za familia zikae kwenye simu moja tu, kwani simu hupotea na maji ya bahari hayana huruma. Pili, andika majina na tarehe. Picha ya Babu ilikuwa na watu watatu nyuma yake, na hakuna aliyebaki hai wa kutuambia ni akina nani. Tatu, omba idhini. Bibi harusi na wenzake waliovua mitandio wakiwa peke yao hawakukupa ruhusa ya kuwaonyesha mtaa mzima, wala mtoto anayeogeshwa hajui kwamba picha yake itaishi kuliko utoto wake. Nne, usimweupishe mtu. Rekebisha mwanga uliompiga vibaya, usirekebishe alivyoumbwa. Na tano, ukipokea picha ya kutisha au ya kusisimua, usiisambaze kabla ya kuuliza ilipigwa wapi, lini na nani. Amri ya kuhakikisha khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, iliyomo katika Suratul Hujurat, haikuibagua khabari iliyokuja kwa picha.

Mpwa wetu tulimpelekea picha yake ya asili, yenye kovu na rangi yake mwenyewe, ikiwa imerekebishwa kivuli tu. Ameibandika ndani ya mlango wa kabati. Hatukumwuliza ile nyingine ameiweka wapi.

Ukuta wa kusini umesimama tena, na zege la ghorofa limemwagwa baada ya mhandisi kuja mwenyewe na kuugonga kwa mkono wake. Mwezi wa Shawwal yule ndugu wa Muscat alikuja likizo. Hakutupigia simu. Tulimkuta baada ya swala ya Asubuhi amesimama kisimani, ameteka ndoo kwa mikono yake, anatawadha taratibu. Tulimsalimu, akaitikia, tukazungumza habari za watoto na joto la Oman. Juu ya picha hakusema neno, nasi hatukulianzisha. Mchango wake umeanza kuja tena, ingawa si kwa kiasi cha zamani. Kila mwezi tunamtumia picha zake kama hati, zikiwa na tarehe ndani yake.

Katika ofisi ya madrasa, juu ya meza ya kutolea risiti, tumeitundika picha ya ukuta wa kusini kabla haujabomolewa. Wageni hutuuliza kwa nini tumetundika picha ya ukuta mbovu katika jengo jipya. Tukiwa na wasaa tunawasimulia, kisha tunawapeleka nje kwenye kona wakautazame wenyewe.